Dokta, hizi dawa za saratani ya damu zinashusha kinga?

Hili swali naulizwa kliniki karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza sio mgonjwa mwenyewe, ni ndugu aliyemsindikiza, amekaa pembeni kashika bahasha ya vipimo, alafu mwishoni kabisa wakiwa wanainuka ndo anauliza: dokta, hii dawa si itamshusha kinga? Wasiwasi unatoka wapi najua. Watu wameona ndugu zao wakitundikiwa dripu za kemo, nywele zinatoka, seli nyeupe zinashuka mpaka mgonjwa anatengewa chumba. Sasa mtu akipewa kidonge akameze nyumbani na kuambiwa hii nayo ni dawa ya saratani ya damu, anasubiri yaleyale.

Jibu la haraka ni hapana, haishushi vile. Lakini nikiishia hapo nakuwa sijasema ukweli wote, sababu hizi dawa zinagusa seli za kinga kweli, kuna mahali zinazizima na kuna mahali zinaziamsha, na dawa moja inaweza kufanya yote mawili kwa mtu huyohuyo siku hiyohiyo. Hii ndo sehemu ya kazi yangu naipenda kuliko zote kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, vumilieni.

Tuanze na CML, maana ndo aina iliyofungua njia na ndo wagonjwa wangu wengi. CML ni saratani ya damu inayokwenda taratibu, seli nyeupe zinaongezeka mpaka laki na zaidi, bandama inavimba unaishika kwa mkono chini ya mbavu za kushoto, mtu anapungua uzito, anatoka jasho usiku, anatibiwa malaria na taifodi weee mpaka siku mtu mmoja anaagiza FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli zote za damu. Ulaya huu ni ugonjwa wa watu wazima sana, ila huku kwetu wengi wanaokuja bado ni vijana au watu wa makamo, wenye watoto wadogo na kazi za kwenda kila siku.

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kwenye seli za wagonjwa wa CML kuna kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kilichotokea: kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Pale zinapoungana, jeni ya BCR inashikana na jeni ya ABL, na protini inayotoka hapo ni kimeng'enya ambacho hakizimiki, ni kama swichi ya taa iliyokwama kwenye kuwaka, kinaiambia seli igawanyike muda wote iwe inahitajika au haihitajiki. Imatinib, wengi mnaijua kama Glivec, iliruhusiwa Marekani Mei 2001, na inachofanya ni kwenda kukaa kwenye kile kimfuko ambacho kimeng'enya kinashikia ATP, yaani nishati yake, ikishakaa pale ATP haipiti na amri ya kugawanyika inakatika. Watu waliokuwa wanahesabiwa miaka michache ya kuishi wakaanza kuishi miaka kama ya wenzao. Kenya na Tanzania wagonjwa wengi walipata hii dawa bila kulipia kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, na kuna watu wapo hai leo kwa sababu ya ule mpango, hilo nalisema kwa sauti kubwa.

Sasa sikilizeni. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya ukoo huu zaidi ya 500, na vingi vina kimfuko cha ATP kinachofanana. Dawa iliyotengenezwa kuziba kimoja inaingia na kwa ndugu zake, kidogo au sana kutegemea na dawa yenyewe. Na seli za kinga ndo zinaishi kwa hivi vimeng'enya, seli T ikigusana na adui au seli B ikiambiwa itengeneze antibodi, ujumbe wote unapita kwa vimeng'enya kupasha habari kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo hakuna dawa ya kundi hili inayopita pembeni ya kinga bila kuigusa, tofauti ni inagusa wapi na kwa nguvu gani.

Imatinib kwa mfano, mbali na ABL inaziba KIT. KIT ipo kwenye seli mama za damu na kwenye zile seli za kinga zinazohusika na aleji, lakini ipo pia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na hapo ndo utaona kitu ambacho vitabu vingi vinakipitia kwa mstari mmoja sababu waandishi wake wanatibu watu weupe. Kwetu sisi kinaonekana. Nilikuwa na mgonjwa, mama mmoja, kila akija anatoa kitambulisho chake anakiweka mezani, picha ni ya mtu mweusi wa kung'aa na yeye aliyekaa mbele yangu amekuwa maji ya kunde, na sio kwamba amepauka, amekuwa mweupe sawasawa uso na mikono. Mtaani wakaanza kusema ameanza mkorogo. Ndugu wa mume wakamwita kikao kabisa! Mtu anapambana na saratani alafu anatetea ngozi yake mbele ya wakwe. Ikabidi niongee na mume wake, nikamchorea kwenye karatasi KIT inakaa wapi na dawa inaingiaje, akaelewa, akaenda kuwaambia wenzake. Kwa hiyo kama unatumia imatinib na rangi inafifia, ni dawa inafanya kazi hadi kwenye jirani wa ABL, haina madhara kwa afya, na usiiache kwa ajili hiyo.

Kwa upande wa seli B, wataalamu wa London walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwachanja wagonjwa wa CML waliokuwa kwenye hizi dawa, chanjo ya nimonia ya pneumokoka na ya mafua, wakawalinganisha na watu wazima wasioumwa. Antibodi za aina ya IgM dhidi ya pneumokoka zilitoka chache, na zile seli B za kumbukumbu zilikuwa zimepungua. Maana yake chanjo inashika lakini haishiki kwa nguvu ileile. Sio kwamba mgonjwa hana kinga, wengi wao hawaumwi ovyo hata kidogo, ila kuna upungufu na unapimika.

Haya, dasatinib. Hii ndo dawa iliyonifanya nipende immunolojia, yaani elimu ya kinga. Iliruhusiwa 2006, inatumika sana imatinib ikishindwa, na ina nguvu sana lakini haichagui, inaziba ABL na KIT na ukoo mzima wa SRC. Ndani ya ukoo wa SRC kuna kimoja kinaitwa LCK, na LCK ndo kimeng'enya cha kwanza kabisa kuwaka seli T inapomtambua adui. Ukiweka dasatinib kwenye chupa ya seli T maabara alafu ukazichokoza, hazifanyi kitu. Hazigawanyiki, hazitoi saitokini, yaani kemikali za kuitana, haziui. Na hazijafa, zipo hai, ukiosha dawa zinarudi kazini. Mtu akisoma hiyo peke yake atasema basi hii dawa itawamaliza wagonjwa kwa maambukizi.

Kumbe kwa binadamu mambo yalienda kivingine. Watafiti wa Helsinki, Satu Mustjoki na wenzake, mwaka 2009 waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa walio kwenye dasatinib limfosaiti zao, yaani lile kundi la seli nyeupe zenye seli T na B ndani yake, zinapanda, na sio limfosaiti yoyote, ni zile kubwa zenye punje. Ukiziweka kwenye hadubini huwezi kuzikosa: seli kubwa, kiini kimesogea upande mmoja, sehemu iliyobaki ni samawati iliyopauka na ndani yake kuna vitone vidogo vyekundu vya zambarau. Vile vitone ni mifuko ya sumu ya kuulia seli zilizoharibika. Ni seli T za kuua na seli NK, wauaji wengine wa kinga, na wagonjwa wenye hali hii kwa wastani walikuwa wanaitikia dawa vizuri zaidi. Wengi wao walikuwa wamewahi kuambukizwa kirusi cha CMV, ambacho watu wengi wanacho kimelala mwilini tangu utotoni, kwa hiyo inaonekana dasatinib inaamsha jeshi lililokuwa tayari limefundishwa kukidhibiti.

Inawezekanaje dawa moja izime na iamshe? Sehemu ya jibu ipo kwenye saa. Dasatinib haikai mwilini, nusu yake inaondoka ndani ya saa 3 mpaka 5, na dozi ni moja kwa siku, kwa hiyo seli T za mgonjwa zinazimwa saa chache alafu zinaachiwa mpaka kesho. Chupa ya maabara haina kesho, dawa ipo palepale muda wote. Halafu kuna hili jingine, saa moja au mbili baada ya kumeza, limfosaiti zinatoka zilikojificha na kumwagika kwenye damu, kwa wengine zinaongezeka mara mbili, baadaye zinarudi. Ndo maana mgonjwa wangu wa dasatinib akija na FBP yenye limfosaiti za juu huwa namuuliza kwanza: ulimeza saa ngapi na damu ulitolewa saa ngapi? Wengi wanameza asubuhi alafu wanakuja foleni ya maabara, yaani wanapimwa pale kwenye kilele kabisa. Kabla hujaanza kumtisha mtu, uliza saa.

Ubaya wake ni kwamba haya yote hayatokei bure. Dasatinib inajaza maji kwenye utando wa mapafu, kwenye utafiti mkubwa wa DASISION zaidi ya robo ya wagonjwa waliotumia walipata hilo ndani ya miaka 5, na yale maji ukiyavuta mara nyingi yamejaa limfosaiti, na wanaopata ni zaidi wale wenye zile seli zenye punje. Huku kwetu maji ya mapafu yenye limfosaiti nyingi kitu cha kwanza kila mtu anawaza ni TB, na ni sahihi kuwaza hivyo na kupima, lakini kama mgonjwa yupo kwenye dasatinib tafadhali msimuanzishie dawa za TB kwa kubahatisha kabla ya kutupigia simu, kwa sababu nitakayoieleza huko chini.

Jambo jingine la dasatinib ambalo limenifurahisha sana: ile tabia ya kuzima seli T na kuziachia imegeuzwa kuwa tiba. Kuna matibabu ya CAR-T, seli T za mgonjwa zinatolewa, zinawekewa jeni mpya maabara ya kutambua saratani, zinarudishwa. Tatizo zinaweza kuchachamaa kupita kiasi mgonjwa akapata homa kali, presha ikaanguka, akafia hapo. Mwaka 2019 wataalamu wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwenye panya kwamba ukitoa dasatinib CAR-T zinatulia bila kufa, ukiisimamisha zinaendelea na kazi. Na mwaka 2021 timu ya Stanford ikaonyesha kwamba CAR-T zilizochoka zikipumzishwa kwa dasatinib kwa muda zinaamka zikiwa na nguvu mpya. Dawa ya saratani ya damu inakuwa breki ya kinga! Nikisoma vitu kama hivi nasahau kula.

Sasa kuhusu kuacha dawa, sababu najua kuna wanaosoma hapa wakitafuta hilo tu. Ufaransa walifanya utafiti unaitwa STIM, matokeo yalitoka 2010, wagonjwa 100 wa imatinib ambao kwa miaka 2 na zaidi BCR-ABL ilikuwa haionekani kabisa kwa vipimo, wakaacha dawa chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, kama 4 kati ya 10 walikuwa bado hawana dalili ya ugonjwa kurudi. Waliorudiwa wengi walirudiwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na karibu wote walitulia tena waliporudishwa kwenye dawa. Swali kubwa likawa, hao 4 wana nini? Maana wengine wao ukipima kwa vipimo vikali zaidi bado unakuta mabaki ya seli za CML, zipo ila hazikui. Tafiti zilizofuata zilikuta waliofanikiwa kuacha, wengi wao walikuwa na seli NK nyingi zilizokomaa siku ya kuacha. Kinga ndo inalinda mlango pale. Kwa hiyo imatinib inapunguza ugonjwa mpaka unafika kiwango ambacho kinga inaweza kuumudu yenyewe, na kinga ikiwa imara, inaumudu. Ila jamani msiache dawa wenyewe nyumbani. Kuacha kunataka kipimo cha BCR-ABL kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, na mashine ya GeneXpert, ileile ya TB, ina katriji ya kupima hiyo, kwa hiyo ulizeni hospitali zenu kama ipo.

CML imetosha, nigusie CLL, saratani nyingine ya damu, ile ya seli B, inawapata zaidi wazee. Hapa dawa maarufu ni ibrutinib, inaziba kimeng'enya kinaitwa BTK. Hiyo B ya mwanzo ni ya Bruton. Ogden Bruton alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, mwaka 1952 akaandika kuhusu mtoto wa kiume wa miaka 8 aliyekuwa anaumwa maambukizi makali yasiyoisha, akapima damu yake akakuta hana antibodi kabisa. Jeni yenyewe ilijulikana 1993: wale watoto BTK yao ni mbovu, kwa hiyo seli B hazikomai. Ukimpa mtu mzima ibrutinib unamuwekea kwa makusudi sehemu ya ule ugonjwa, kwa dozi, ili seli B za saratani zikose amri ya kuishi. Sio sawa na yule mtoto kwa kuwa mtu mzima ameshatengeneza antibodi za miaka mingi, lakini antibodi mpya kwa ugonjwa mpya zinatoka kwa shida. Wakati wa Korona hili lilionekana wazi, waliokuwa kwenye dawa za BTK wengi walichanjwa na antibodi hazikupanda.

Na ibrutinib nayo ina jirani wake. Inashika BTK kwa kujifunga moja kwa moja kwenye kipande cha protini kinachoitwa sisteini, na kipande kama hicho kipo kwenye ITK, kimeng'enya cha seli T, kwa hiyo seli T nazo zinabadilika, zinaegemea zaidi upande wa kupambana na virusi na saratani, jambo ambalo kwa mgonjwa wa CLL ni faida. Makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, nazo zinatumia BTK kupambana na fangasi, na hapo ni hasara, kuna wagonjwa wamepata fangasi ya aspajilasi ya mapafu na hata ya ubongo, hasa miezi ya mwanzo na hasa wakiwa wanatumia na steroidi. Dawa zilizokuja baadaye kama acalabrutinib na zanubrutinib haziigusi sana ITK. Nyongeza moja kwa ndugu wa mgonjwa: wiki za kwanza za ibrutinib tezi zinanywea lakini seli nyeupe kwenye damu zinapanda sana, msiogope, zimefukuzwa kwenye tezi zimetoka barabarani.

Idelalisib, dawa nyingine ya CLL, nitaisema kwa kifupi ila ni muhimu. Ililenga kimeng'enya cha PI3K delta cha seli B. Kumbe zile seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao zinaitegemea delta kuliko zingine, zikapungua, na kinga ikaanza kushambulia ini, utumbo na mapafu ya mgonjwa mwenyewe, na walioumia zaidi ini ni wale vijana ambao walikuwa hawajawahi kupewa dawa nyingine, yaani wenye kinga bado nzima. Machi 2016 majaribio kadhaa yalisimamishwa kwa sababu ya vifo, vingi vya maambukizi. Fikiria hapo, mtu kinga yake imechachamaa na wakati huohuo inashindwa maambukizi. Ndo maana hilo swali la "inashusha au haishushi" siwezi kulijibu kwa neno moja.

Nirudi kwetu, mambo ambayo nawasisitizia wagonjwa wangu. Homa ya ini B ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kirusi kinaweza kulala miaka kikizuiwa na kinga, dawa ikigusa ile kinga kinaamka, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo rasmi kuhusu imatinib, dasatinib na ndugu zao kwa sababu hiyohiyo. Ukikutwa nacho sio kwamba unanyimwa dawa ya saratani, unapewa na dawa ya kukizuia kirusi au unafuatiliwa kwa karibu.

TB, ile niliyoahidi. Rifampisini inaliamsha ini lichakate hizi dawa haraka sana, imatinib inapotea karibu robo tatu, dasatinib zaidi ya asilimia 80. Mgonjwa anameza vizuri kila siku na saratani inarudi. Kwa hiyo TB inatibiwa, lazima itibiwe, lakini daktari wa TB na wa damu wakae mezani pamoja kwanza. Baadhi ya ARV nazo zinaingiliana, kwa hiyo usifiche kadi yako ya CTC, kliniki ya VVU, sisi hatuko pale kuhukumu mtu. Ukitoka mkanda wa jeshi njoo siku hiyohiyo, usikae nao nyumbani ukipaka dawa za mti.

Na chanjo. Zilizouawa kama za mafua, nimonia na homa ya ini B ni sawa kupata, na ukizipata kabla ya kuanza dawa ni bora zaidi. Zilizo hai ndo shida, na kwetu inayowakuta watu ni ya homa ya manjano maana ukisafiri unaombwa kadi pale mpakani au uwanja wa ndege. Usichanjwe kimyakimya ili usikose safari. Mwambie muuguzi jina la kidonge unachomeza, na njoo kliniki tukuandikie cheti cha kwamba kwa sababu za kitabibu hutakiwi kupewa, kinatambulika kimataifa, ila uje mapema, sio tiketi ya kesho asubuhi.